Utmost, at most, upmost, maximum: uandike lipi, na kwa Kiswahili useme nini?

Kijana aliingia dukani na flashi mkononi, jasho linamtoka, baiskeli ameiegemeza kwenye nguzo ya umeme nje. Steshenari yetu iko Ngamiani, Tanga, mtaa ambao barabara zake zina namba badala ya majina, na wateja wetu wengi ni watu wa barua: barua za kuomba kazi, za kuomba likizo, za kumwomba mwenye nyumba asubiri hadi mwisho wa mwezi.

"Shikamoo mama. Naomba unitolee kopi moja, lakini uisome kwanza."

Nikaisoma. Kazi aliyokuwa anaiomba ni ya ukarani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mwisho wa barua aliandika: "I will do my at most." Nikamwambia: mwanangu, hapa pana kasoro. Dada mmoja aliyekuwa anasubiri kopi za kitambulisho akachungulia, akasema hapo iandikwe "upmost", yeye aliandika hivyo na kazi akapata. Mwalimu mstaafu aliyekaa kwenye benchi akakohoa, bila kunyanyua macho kwenye gazeti akasema neno moja: "Utmost." Kijana akatutazama sote watatu, akauliza, "Kwani yote hayo si maximum tu?"

Swali lake halikuwa la kijinga. Nimechapa barua za watu miaka mingi, na maneno hayo manne yananijia kila wiki yamebadilishana nguo. Basi nitayaweka mawili mawili, kama mnunuzi wa kanga anavyokunjua doti hii na ile mbele ya kioo kabla ya kutoa pesa.

Utmost na at most: kosa la sikio

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, na wala halitokani na uvivu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina sauti kadhaa ambazo sikio letu huzikusanya zote kwenye chungu kimoja cha "a". Sauti inayoanza neno "utmost" na ile inayoanza "at most" si moja kwa Mwingereza, ila kwetu yote ni "atimosti". Mtu akilisikia neno kwenye hotuba au mahubiri kisha akaliandika kama alivyolisikia, ataandika "at most", na kompyuta haitampigia mstari mwekundu chini, kwa sababu "at" ni neno na "most" ni neno.

Kazi zake sasa. "At most" ni ya kuwekea hesabu kizuizi. Inasema: idadi isizidi hapa. Bajaji ikiruhusiwa abiria watatu, hao ni "at most three passengers". Mtu mzima anayemeza paracetamol za miligramu 500 asizidishe vidonge 8 kwa saa 24, na hiyo nayo ni "at most eight tablets". Ukitaka kujua kama "at most" inafaa, weka "isiyozidi" au "si zaidi ya" mahali pake. Sentensi ikisimama, umepata. Ikianguka, ulichokuwa unakitafuta ni "utmost", neno moja lisilo na nafasi katikati.

Mjaribu kijana wetu kwa kipimo hicho: "Nitafanya si zaidi ya yangu." Haisimami. Na ukiisoma kwa jicho baya, inafanana na mtu anayemtangulizia tajiri onyo kabla hata hajaajiriwa kwamba kazi atafanya, lakini asitegemewe kuzidisha.

"Almost" nayo hujipenyeza humu kwa kufanana sura. Maana yake ni "karibu", "nusura". Aliyeandika "almost respect" amesema heshima inakaribia kufika lakini bado iko njiani.

Upmost

Hapa sitakaa. Neno lipo, na kazi yake ni ya mahali: kilicho juu kuliko vingine, rafu ya juu kabisa dukani, tawi la juu kabisa la mwembe. Hata Waingereza wenyewe hulitumia kwa nadra, wakipendelea "uppermost". Kuliandika penye "utmost respect" ni kosa, ijapokuwa linaeleweka na ijapokuwa dada yetu alipata kazi nalo. Nami sina ubavu wa kumcheka. Mwaka mmoja nilichapa ratiba za mahafali, nakala 150, zikiwa na "upmost gratitude" kwenye ukurasa wa kwanza kwa herufi nene. Nililigundua nikiwa nyumbani usiku nakunywa chai. Ratiba zilikwisha gawiwa.

Utmost na maximum: doti mbili zinazofanana kwa mbali

Hapa ndipo penye kazi hasa, maana maneno haya mawili kweli yanakaribiana. Kamusi zitakupa "upeo" kwa yote mawili zikakuacha hapo.

Tuanze na asili, kwa sababu asili yao bado inaonekana kwenye matumizi. "Utmost" ni neno la Kiingereza cha kale kabisa, lilikuwa "utmest". Sehemu ya kwanza ni ileile "out" ya leo, yaani nje. Sehemu ya pili ni viambishi viwili vya kuzidisha vilivyogandana, watu wakaja kuvisikia kama "most". Kwa hiyo tangu mwanzo maana yake ni "kilicho nje kuliko vyote", pembezoni kabisa, mahali ambapo ukipiga hatua moja zaidi umekwisha toka. Simama Raskazone jioni utazame mashariki, pale bahari inapokutana na mbingu na jahazi linapozama tanga likiwa la mwisho kupotea. Neno hili lilizaliwa pale. Lilikuwa la masafa kabla halijawa la moyo.

"Maximum" limetoka Kilatini, "maximus", mkubwa kuliko wote. Hili ni la ukubwa wa kupimika, na lina ndugu yake wa upande wa pili, "minimum". Penye kima cha juu pana kima cha chini. "Utmost" halina pacha wa namna hiyo; kinyume chake, ukitaka kukitafuta, ni "inmost", kilicho ndani kabisa. Maximum na minimum hupanda na kushuka kwenye ngazi. Utmost na inmost hutoka na kuingia.

Tazama tofauti hiyo ikifanya kazi kwenye neno moja, mwendo. Ukitoka Segera kuja Tanga utakutana na kibao chenye namba 50 unapoingia penye makazi. Hiyo ni "maximum speed", na trafiki akiwa chini ya mti na tochi yake atakukumbusha. Lakini mgonjwa akizidiwa usiku na gari ikahitajika mara moja, barua au taarifa itasema "with the utmost speed". Humo hamna kilomita wala saa. Ni kusema: haraka kadiri mwanadamu awezavyo, usikae kunywa maji. Dereva anaweza kwenda "with the utmost speed" bila kuvuka "maximum speed", na ndivyo anavyotakiwa kufanya.

Mfano mwingine uko jirani yetu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, hapa hapa Tanga. Limesanifiwa kupitisha hadi mapipa 246,000 kwa siku. Hapo ni "maximum": idadi ipo, mashine inaijua, mhandisi ataisoma kwenye saa. Sasa uangalifu unaotakiwa ili mafuta hayo yasimwagike kwenye bahari ambayo wavuvi wetu wanaitegemea ni "the utmost care". Hakuna saa inayopima uangalifu. Unajulikana kwa mwenye nao, au siku umekosekana.

Kipimo changu cha dukani, basi, ni hiki. Namuuliza mteja: kitu unachokisema kinaweza kuandikwa kwa namba? Mzigo, joto, mwendo, abiria, dozi, mshahara, alama za mtihani: andika "maximum". Hakiwezi? Heshima, uangalifu, umuhimu, siri, unyenyekevu, uharaka, imani: andika "utmost". Mtu akikuandikia "maximum respect" ujue amezoea mtaani au kwenye muziki wa reggae, ambako salamu hiyo ina raha yake. Kwenye barua kwa meneja, inachekesha.

Kuna mawili matatu ya kisarufi ambayo hunilazimu kuyasahihisha kila mara. Kwanza, "utmost" limekwisha fika mwisho, halipandishwi tena, kwa hiyo "most utmost" ni kumvika kofia mtu aliyekwisha vaa kofia. Pili, likitumika kama nomino aghalabu huhitaji mwenyewe: "my utmost", "her utmost". Na likishapata mwenyewe halihitaji "best" nyuma yake. "My utmost best" ni msemo unaosikika sana redioni. Mimi huukata, nikabakiza kimojawapo. Tatu, "of the utmost importance" na "of utmost importance" vyote vinapita, la kwanza likiwa na sauti ya kiofisi zaidi.

"Uttermost" ni lilelile limerefushwa, na leo harufu yake ni ya kanisani na ya vitabu vya zamani. "Ultimate" si ukoo huu. Hilo ni la Kilatini, la mwisho kwa mpangilio au kwa wakati, na "ultimatum" tunaijua wote. Msiyachanganye kwa kufanana herufi mbili tatu.

Heshima inayouma

Kabla hujamwandikia mtu "with the utmost respect", jua linapowekwa. Likiwa mwishoni mwa barua au kwenye pongezi, ni heshima ya kweli. Likiwa mwanzoni mwa ubishi, hasa miongoni mwa mawakili wa Uingereza, limegeuka kisu chenye ala ya hariri. Kwao ipo ngazi inayojulikana na kutaniwa: "with respect" ni kusema umekosea, "with great respect" ni umekosea sana, na "with the utmost respect" ni kusema sijui hata akili yako iko wapi. Kadiri heshima inavyozidi kwenye maneno ndivyo inavyopungua kwenye nia.

Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kuwashangaa. Mtu wa Tanga akianza na "Niwie radhi mzee wangu, si kwamba nakuvunjia heshima, lakini..." wote barazani hukaa vizuri maana wanajua kinachokuja.

Utmost ya bima, na kwa nini si mapambo

Yapo matumizi mamoja ambayo neno hili si pambo la lugha, ni sharti lenye pesa ndani yake. Ukichukua mkataba wa bima ulioandikwa kwa Kiingereza utakutana na "utmost good faith". Wateja huniletea fomu hizo niwasaidie kujaza, na wengi huruka maneno hayo wakidhani ni salamu.

Kanuni hii ni ya zamani na ilizaliwa kwenye mambo ya bahari na ngome. Mwaka 1766, jaji Lord Mansfield aliamua kesi ya Carter dhidi ya Boehm mjini London. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Waingereza iliyoitwa Fort Marlborough kisiwani Sumatra, na ngome ilikatiwa bima isije ikachukuliwa na adui kutoka Ulaya. Wafaransa wakaichukua. Aliyeuza bima, Boehm, akakataa kulipa, akidai kafichwa udhaifu wa ngome. Mansfield akaeleza kwamba katika bima habari muhimu hukaa upande wa anayeomba kinga. Mwenye kukinga humwamini, hivyo kumficha ni kumhadaa. Ajabu ni kwamba kwenye kesi yenyewe Carter alishinda, kwa sababu muuza bima wa London alikuwa anajua au angeweza kujua hali ilivyo. Kanuni inayotumiwa hadi leo kumbana mteja ilitamkwa siku mteja aliposhinda. Baadaye ikaandikwa kwenye sheria ya Uingereza ya bima za baharini ya mwaka 1906, kifungu cha 17, na ikatufikia huku pamoja na urithi wa sheria za Kiingereza.

Kwa Kilatini huiita "uberrima fides", na "uberrima" ni neno la shamba: lenye rutuba kupita yote, lililojaa tele. Mlatini aliona uaminifu uliojaa hadi unamwagika, Mwingereza alipoufasiri akauona umefika pembezoni, hapana pa kwenda tena. Picha mbili kwa kitu kimoja, na mimi ya Kilatini inanipendeza zaidi.

Utaiandikaje kwa Kiswahili? Nimeona "nia njema ya hali ya juu" na "uaminifu wa hali ya juu", na yote yanakubalika kwenye karatasi. Shida yao ni kwamba hayamwambii mwenye bodaboda la kufanya. "Hali ya juu" ndiyo hiyo hiyo ya hoteli ya hali ya juu na sabuni ya hali ya juu. Mimi nikimsomea mteja husema "uaminifu usiobakiza kitu". Hapo huacha kalamu, akaniuliza, "Hata ile ajali ya mwaka juzi niiseme?" Naam, hata hiyo, fomu ikiuliza na hata kama unaona haijauliza vizuri.

Sasa kwa Kiswahili: lipi?

Tukivuka upande wetu, mambo yanageuka. Kiingereza kina neno moja linaloazimwa na kila nyumba. Sisi karibu kila nyumba ina lake. Ndiyo maana tafsiri ya neno kwa neno hutoa Kiswahili kama cha fomu za serikali: "kwa upeo wa heshima ya juu kabisa".

Heshima kwanza. Penye "with the utmost respect" ya hotuba, sisi tuna "kwa heshima na taadhima", na hapo sioni haja ya kutafuta zaidi. Taadhima ni ukoo mmoja na adhimu na maadhimisho, ni ukuu mtupu. Tumefika mwisho kwa kuyapanga maneno mawili bega kwa bega, wala hatukuhitaji neno la kuzidisha.

Juhudi ndiyo yenye mtego. "Do my utmost" unaweza kuigeuza "kadiri ya uwezo wangu", na kwa maana ndiyo iliyo karibu kuliko zote, kwa sababu nayo inataja mpaka. Lakini isikilize inavyotamkwa. Fundi cherehani ukimpelekea kitambaa siku tatu kabla ya Idi akakujibu "nitajitahidi kadiri ya uwezo wangu", wewe tafuta nguo nyingine. Pwani, maneno hayo ni hapana iliyovaa kanzu.

"Kwa hali na mali" ni zito zaidi, ila lina deni ndani yake. Hali ni mwili na muda wako, mali ni mfuko wako. Ukisimama msibani ukasema uko na wafiwa kwa hali na mali, daftari la michango likipita usijifanye unasoma ujumbe kwenye simu. Usiliandike kwenye barua ya kazi. Kazini wewe ndiye unayelipwa.

"Kwa udi na uvumba" lina moshi. Linafaa kwa mtu anayetafuta kitu asikubali kukikosa, atakwenda kila mlango na kufukiza kila chetezo. Klabu ikitaka kupanda daraja, itautafuta ushindi kwa udi na uvumba. Msichana akiwindwa na posa asiyoitaka, naye ataikimbia kwa udi na uvumba. Kwenye ofisi linaonyesha pupa. "Juu chini" ni jepesi, la mtu anayehangaika na jua la mchana. Kwa mazungumzo, zuri sana.

"Upeo" lenyewe huliacha kwa mambo ambayo jicho linaona au akili inapima: upeo wa macho, upeo wa fikra, maji ya bamvua yamefika upeo wake. Nikilisikia hulisikia karibu na "kupevuka", kitu kilichokomaa kikafika kilele chake. "Kikomo" na "ukomo" ni baridi zaidi, kwa sababu ndani yake mna "koma", amri ya kusimama. Kwa hiyo "maximum" ya mkataba, ya mzigo, ya mkopo, iwe "kikomo" au "kiwango cha juu", na ya mshahara iwe "kima cha juu", maana "kima cha chini" tumekwisha kuizoea. Huko usitie ushairi.

Washairi wa mwambao wana "ghaya". Mzuri ghaya, hodari ghaya. Kwa Kiarabu neno hilo ni mwisho, kikomo cha safari, kwa hiyo Mwarabu na Mwingereza, kila mmoja kwa njia yake, walikwenda hadi ukingoni wakarudi na neno lilelile. Leo ukilitamka sokoni Mgandini watakujibu wazee tu. Nalisikitikia, lakini siwezi kumshauri mtu aliweke kwenye barua ya maombi.

Na kuna watu wa tafsiri ambao huwa nawakumbuka nikikwama: waliotafsiri Biblia ya Kiswahili. Kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 "uttermost" lipo mara nyingi. Wao hawakulitafutia neno moja. Penye masafa waliandika "mwisho wa nchi", penye bahari "pande za mwisho za bahari", penye deni "senti ya mwisho", na penye wokovu "kabisa". Hiyo "kabisa" inadharauliwa bure kwa sababu iko mdomoni mwa kila mtu. Penye kauli fupi ndiyo "utmost" bora tuliyo nayo.

Kisha kuna hazina ambayo Kiingereza hakina kwa wingi kama sisi. Kiswahili kimeyapa maneno mengi mwenza wake wa kufika naye mwisho. Nyeupe ni pe, nyekundu ni ndu, nyeusi ni ti. Giza ni totoro, usingizi ni fofofo, kunyamaza ni ji, gunia limejaa pomoni na aliyechoka yuko hoi. Huwezi kubadilishana: giza fofofo halipo, wala usingizi pomoni. Mwingereza atasema "utmost silence" na "utmost darkness" kwa kijiko kimoja. Ukitafsiri hadithi, ukakutana na "utmost" mbele ya giza, achana na upeo, ukomo na hali ya juu, uandike totoro, msomaji atapapasa ukuta mwenyewe.

Barua ya kijana

Turudi dukani, maana mashine ilikuwa imewaka na foleni inanung'unika. Nilimshauri kijana aandike "I will do my best". Ni fupi, ni la kweli, na karani mwenye miaka ishirini na miwili hahitaji kuahidi ukingo wa dunia. Mwalimu hakukubali. Alikunja gazeti, akasema kama neno limeshatajwa mbele yake haliwezi kuondoka bila kupewa kazi. Tukakubaliana liwekwe mahali linapobeba kitu, sentensi ya juu yake: "I will handle your customers' goods with the utmost care." Mizigo ya wateja wao, uangalifu. Mahali pa "at most" tukaacha "best". Dada wa kopi hakusema kitu, ila nilimwona ameitoa simu anaandika.

"Na ya Kiswahili, mama? Wamesema nipeleke zote mbili."

Nikaanza kuchapa "kwa uangalifu wa hali ya juu", nikaifuta. Nikajaribu "kadiri ya uwezo wangu", nikamkumbuka fundi cherehani, nikaifuta. Mwishowe nikaandika: "Mizigo ya wateja wenu nitaiangalia kama yangu." Mwalimu akaisoma begani kwangu, akasema hiyo haina haja ya neno.

Shilingi elfu moja kwa kurasa mbili, na bahasha ya kaki juu yake. Akaipachika chini ya fulana isipeperuke, akapanda baiskeli akashuka nayo kuelekea bandarini.